Kiinua Mgongo na Pensheni: Mapito ya Akiba ya Uzeeni Tanzania Bara hadi Sheria ya 2018

Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ambayo ni Sheria Namba 2 ya mwaka 2018, ilipitishwa na Bunge mjini Dodoma mwanzoni mwa mwaka huo na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti. Muswada wake ulibeba mambo mengi kwa pamoja. Ulifuta mifuko minne iliyokuwa na asili tofauti, yaani Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma (PSPF), Mfuko wa Pensheni wa Serikali za Mitaa (LAPF), Mfuko wa PPF uliozaliwa kwa ajili ya mashirika ya umma, na Mfuko wa GEPF uliowahudumia watumishi wa serikali wasiokuwa na haki ya pensheni. Mahali pa mifuko hiyo ukaunda mfuko mmoja, PSSSF. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ulikabidhiwa wafanyakazi wa sekta binafsi na watu waliojiajiri, mamlaka ya udhibiti ambayo haikuwa imetimiza miaka 10 ya kazi ikaondolewa, na fao la kukosa ajira likaletwa ili lichukue nafasi ya mazoea ya mfanyakazi kuchota michango yake yote kila anapoachishwa kazi.

Hata hivyo, jambo lililowatikisa wafanyakazi kuliko yote hayo halikujadiliwa kwa kina wakati muswada unapita, kwa kuwa lilikuja baadaye katika kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo. Jambo hilo ni kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya mstaafu, neno linalotokana na kitenzi kukokotoa na ambalo hadi wakati huo lilikuwa la wahasibu na wataalamu wa takwimu za bima. Katika miezi michache neno hilo lilitoka maofisini likaenda vyumba vya walimu, wodi za hospitali, vituo vya daladala na mikutano ya vyama vya wafanyakazi, na tangu hapo halijarudi lilikotoka.

Mara nyingi mgogoro wa kikokotoo umeelezwa kuwa ni tatizo la uelewa: kwamba mfanyakazi hupenda fedha nyingi za mkupuo, yaani fedha zinazolipwa zote kwa mara moja siku ya kustaafu, kwa sababu hajui kuwa pensheni ya kila mwezi itamfaa zaidi uzeeni. Maelezo hayo hayamtendei haki mfanyakazi wa Tanzania. Ukifuatwa mkondo wa sheria za akiba ya uzeeni tangu enzi ya Waingereza, itaonekana kwamba kupenda mkupuo ni somo ambalo vizazi vitatu vya wafanyakazi vilifundishwa na matukio, na kwamba somo hilo lina hesabu zake, tena hesabu zisizo na kosa.

Lugha yenyewe inahifadhi sehemu ya historia hiyo. Pensheni ni neno lililokuja na ofisi za kikoloni, na linataja ahadi: mwajiri atamlipa mtu kila mwezi hadi kufa kwake. Kiinua mgongo, kwa upande wake, ni jina lililotungwa na Waswahili wenyewe, nalo linataja tendo moja lenye mwisho: mtu aliyeinama akifanya kazi ya mwingine kwa miaka mingi anapewa kitu cha kumwezesha kunyoosha mgongo na kwenda zake. Katika jina la kwanza uhusiano wa mwajiri na mfanyakazi unaendelea, katika la pili unakwisha kwa heshima. Sheria zote zilizofuata, hata zile zilizoandikwa kwa Kiingereza kitupu, zilikuwa zikivutana kati ya fikra hizo mbili.

Katika Tanganyika ya Waingereza, wafanyakazi wengi hawakupata kimoja wala kingine. Uchumi wa mkonge uliozunguka Tanga, Korogwe na Morogoro uliendeshwa kwa nguvu za watu waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali, ambao waliitwa manamba kwa kuwa walijulikana kwa namba walizopewa, na kwa vibarua waliohesabiwa kwa kipande, kadi iliyorekodi siku walizofanya kazi. Ujira wao ulikadiriwa kama ujira wa mtu mmoja asiye na familia. Mke na watoto walidhaniwa kula kutoka shambani kwao, na mfanyakazi mwenyewe, nguvu zikimwishia, alitarajiwa kurudi kijijini ambako ukoo ungemtunza. Mkataba ulipokwisha alipewa nauli na safari ikaishia hapo. Kwa maneno mengine, gharama ya uzee wa wafanyakazi wa mkonge ililipwa na wakulima wa Kigoma, Songea na Singida, na haikuandikwa katika hesabu za shamba lolote.

Ndani ya utumishi wa serikali mambo yalipangwa kwa ngazi. Sheria ya Pensheni ya mwaka 1954 iliweka utaratibu wa pensheni isiyochangiwa, maana yake ni kwamba mtumishi hakukatwa chochote katika mshahara na malipo yake ya uzeeni yalitoka Hazina moja kwa moja. Lakini haki hiyo ilikuwa ya waliothibitishwa katika vyeo vilivyotajwa, na kwa muda mrefu Waafrika waliofika huko walikuwa wachache. Wengine waliwekewa mifuko ya akiba, mmoja wa watumishi wa serikali ulioanzishwa mwaka 1942 na mwingine wa mamlaka za mitaa ulioanzishwa mwaka 1944. Mfuko wa akiba ni tofauti na mfuko wa pensheni: mfanyakazi na mwajiri huchangia, michango huandikwa katika hesabu ya mfanyakazi mwenyewe pamoja na riba, naye hulipwa jumla yake mara moja anapoondoka. Hivyo tangu mwanzo pensheni ilikuwa ya bwana mkubwa na mkupuo ulikuwa wa mtu wa chini, na mpangilio huo ndio ambao mifuko ya PSPF, LAPF na GEPF ilikuja kuurithi kwa namna mbalimbali.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, serikali mpya ilikuwa na deni kwa wafanyakazi. Harakati za uhuru za chama cha TANU zilikuwa zimetegemea sana vyama vya wafanyakazi, na Rashidi Kawawa aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 alikuwa ametoka katika uongozi wa shirikisho lao. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya posho ya kuachishwa kazi iliyomlazimisha mwajiri kumlipa kiinua mgongo mfanyakazi anayeondoka. Miaka miwili baadaye, katika mwaka ambao vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na NUTA kuwekwa kuwa chama pekee, Bunge lilitunga Sheria Namba 36 ya 1964 iliyoanzisha Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana zaidi kwa kifupi cha NPF. Mfanyakazi alikatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 5 nyingine. Mfuko uliendeshwa kama idara ya wizara ya kazi hadi mwaka 1975 ulipofanywa shirika.

Tanganyika haikuwa peke yake katika uamuzi huo. Malaya ilikuwa imeanzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 1951, Singapore mwaka 1955, Nigeria mwaka 1961, na Kenya ilifuata mwaka 1965. Zote zilikuwa nchi zilizotawaliwa na Uingereza, na zote ziliona kwamba mfuko wa akiba ni rahisi kuuendesha, kwa sababu hauahidi chochote zaidi ya kile kilichokusanywa. Serikali haihitaji kukisia watu wataishi miaka mingapi, wala haibaki na deni. Urahisi huo kwa serikali, hata hivyo, ni mzigo kwa mwanachama, kwa kuwa hatari zote huwa juu yake: akiishi sana fedha zitaisha, na thamani ya fedha ikishuka akiba yake itashuka nayo.

Hatari ya pili ndiyo iliyotimia. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, mfumuko wa bei katika miaka ya 1980 ulifika karibu asilimia 30 kwa mwaka, na shilingi iliposhushwa thamani chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, dola moja ya Marekani iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa shilingi 17 hivi mwaka 1985 ilifika karibu shilingi 195 mwaka 1990. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyeanza kukatwa mwaka 1965 na kustaafu robo karne baadaye alipewa jumla ya shilingi alizokatwa pamoja na riba ndogo, shilingi ambazo zilipokatwa zilikuwa na uwezo wa kununua ng'ombe na zilipolipwa hazikuwa nao tena. Hakuna aliyemwibia kwa maana ya kawaida ya neno hilo, na hesabu za mfuko zilikuwa sahihi. Bali ahadi iliyoandikwa kwa shilingi ilibebwa na shilingi yenyewe ikaenda nayo.

Upande wa pensheni nao ulipata jeraha lake, tena mapema zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967 ilikuwa mwajiri mkubwa wa wafanyakazi wa reli, bandari, posta na simu, na ndege katika nchi tatu, na watu hao walikuwa na mafao yanayoeleweka. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi walibaki bila mwajiri na mali zikabaki bila mwenyewe aliyekubaliwa. Iliwachukua Tanzania, Kenya na Uganda hadi mwaka 1984, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, kutia saini makubaliano ya kugawana mali na madeni, ambayo ndani yake kila nchi ilibeba wajibu wa kulipa mafao ya raia wake. Lakini kuandikwa kwa wajibu huo hakukuwa kulipwa kwake. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai kwa miongo, wakafungua kesi na kuandamana katika barabara za Dar es Salaam, na mwaka 2005 ndipo serikali ya Tanzania ilipofikia makubaliano nao na malipo makubwa yakaanza, ingawa baadhi yao waliendelea kusema kwamba hawajalipwa walichostahili. Watoto wa wastaafu hao, waliokuwa wadogo mwaka 1977, walikuwa watu wazima kazini wakati baba zao wakiwa bado kwenye foleni. Ni vigumu kuwashawishi watu waliolelewa katika nyumba hizo kwamba fedha zilizo mikononi mwa mfuko ni salama kuliko zilizo mikononi mwao.

Wakati huohuo sekta mpya ilikuwa imekua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka mabenki, viwanda na mashamba makubwa chini ya umma, na mashirika yaliyozaliwa kwa mamia yalihitaji kuvutia wataalamu. Sheria ya Pensheni za Mashirika ya Umma ya mwaka 1978 iliunda PPF, ambao ulikuwa mfuko wa pensheni unaochangiwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa na pensheni ya bure kwa mtumishi wa serikali, pensheni ya kuchangia kwa mtumishi wa shirika, na mkupuo kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, na ubinafsishaji ulipowasukuma watu kutoka kundi moja kwenda jingine haki zao ziliraruka njiani.

Mageuzi makubwa yalifanyika katika miaka miwili. Sheria Namba 28 ya 1997 iligeuza mfuko wa akiba kuwa NSSF, mfuko wa pensheni wenye michango ya asilimia 20 ya mshahara na sharti la kuchangia kwa miezi 180, yaani miaka 15, ili kupata pensheni ya uzeeni. Mwaka 1999 Sheria Namba 2 iliunda PSPF na kukomesha pensheni isiyochangiwa kwa watumishi wa serikali kuu, ambao kuanzia Julai mwaka huo walianza kukatwa asilimia 5 na serikali ikiongeza 15. Zanzibar ilikuwa imepita njia yake kwa kuunda ZSSF kwa sheria ya mwaka 1998.

Sheria ya 1999 ilikuwa na kasoro moja ambayo madhara yake yalionekana polepole. Mtumishi aliyeajiriwa mwaka 1975 na kustaafu mwaka 2005 alikuwa amechangia miaka sita tu, lakini PSPF ilitakiwa kumlipa pensheni ya miaka 30. Ile miaka 24 ya awali ilikuwa deni la serikali, na serikali haikuipa PSPF fedha za kulifunika. Mfuko ukawa unalipa wazee kwa michango ya vijana, jambo ambalo si baya lenyewe iwapo limepangwa hivyo, lakini hapa lilitokea kwa kukosa mpango. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionya kuhusu hali hiyo zaidi ya mara moja. Juu ya deni hilo ziliongezeka fedha ambazo mifuko iliwekeza katika miradi ya umma: Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, na daraja la Kigamboni lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016 na kupewa jina la Nyerere, lilibeba fedha za NSSF. Mradi wa aina hiyo unaweza kuwa na faida kubwa kwa taifa na wakati huohuo ukachelewa sana kurudisha shilingi kwa mwanachama ambaye akiba yake ndiyo saruji na chuma.

Wakati matatizo hayo yakiendelea kujengeka, iliundwa mamlaka ya kudhibiti na kusimamia sekta ya hifadhi ya jamii, SSRA, kwa sheria ya mwaka 2008, ikaanza kazi mwaka 2010. Jaribio lake la kwanza kubwa lilikuwa marekebisho ya mwaka 2012 yaliyozuia fao la kujitoa. Fao hilo ni haki ya mwanachama aliyeacha au kuachishwa kazi kuchukua michango yake yote kabla ya kufikia umri wa kustaafu, na kwa macho ya mtaalamu ni tundu linalovujisha pensheni, kwa maana anayejitoa kila baada ya miaka mitano hatafika miezi 180 maisha yake yote. Kwa macho ya mfanyakazi wa mgodini mwenye mkataba wa miaka miwili, ambaye mapafu yake huenda yasimfikishe miaka 55, fao la kujitoa ndilo fao pekee atakaloliona. Wafanyakazi wa migodini walikuwa mstari wa mbele kupinga, na upinzani ulikuwa mkali kiasi kwamba utekelezaji ulilegezwa. Mwaka 2018 suala hilo lilirudishwa kwa sura ya fao la kukosa ajira, ambalo humlipa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Wafanyakazi wengi walilipokea kama tone lililowekwa mahali pa ndoo.

Kanuni za kikokotoo zilizotoka mwaka huohuo ziligusa kundi jingine: walimu, wauguzi, watendaji wa vijiji na mitaa, na maofisa wa halmashauri, watu wenye ajira ya kudumu waliokuwa wanachama wa PSPF na LAPF. Ili kuelewa hasira yao yafaa hesabu ifanywe yote. Katika mifuko hiyo miwili, mshahara wa mwaka ulizidishwa kwa idadi ya miezi ya utumishi na kugawanywa kwa 540 ili kupata pensheni kamili ya mwaka. Nusu ya pensheni hiyo ilizidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo, na nusu iliyobaki iligawanywa kwa 12 kuwa pensheni ya mwezi. Katika PPF na NSSF kigawanyo kilikuwa 580, sehemu ya mkupuo ilikuwa robo, na kizidisho kilikuwa 12.5, namba inayoelezwa kuwa makadirio ya miaka ya kuishi baada ya kustaafu. Kanuni za 2018 ziliwaweka wote katika utaratibu huu wa pili.

Achukuliwe mwalimu aliyefundisha miaka 30, sawa na miezi 360, na ambaye mshahara wake katika miaka ya mwisho ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani pensheni yake kamili ni shilingi 8,000,000 kwa mwaka, mkupuo wake ni 62,000,000, na pensheni ya mwezi ni 333,333. Kwa kanuni ya 2018 pensheni kamili inashuka hadi takriban 7,448,000, mkupuo unakuwa takriban 23,276,000, na pensheni ya mwezi inapanda hadi takriban 465,500. Msemaji wa kanuni mpya angeonyesha, naye angesema kweli, kwamba mwalimu huyo anapata zaidi ya shilingi 132,000 za ziada kila mwezi kwa maisha yake yote. Lakini amepoteza zaidi ya shilingi 38,700,000 siku ya kwanza, na ili nyongeza ya kila mwezi iifidie hasara hiyo atahitaji miezi 293, yaani zaidi ya miaka 24. Akistaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, itampasa afikishe miaka 84 ili awe hajapata hasara, na hapo shilingi ihesabiwe kama haitashuka thamani hata kidogo katika robo karne ijayo, jambo ambalo historia ya shilingi imekwisha kulijibu. Mfuko wenyewe, uliotumia namba 12.5, haukutarajia aishi hivyo.

Hapa ndipo maelezo ya upungufu wa uelewa yanapoanguka. Mwalimu asiyejua jina la kanuni hizo alijua kwamba shilingi 62,000,000 zingemalizia nyumba, zingechimba kisima, zingenunua mashine ya kusaga au bodaboda ya kumpa kijana wake kazi. Alijua pia kwamba benki haimkopeshi kwa urahisi mtu wa miaka 60, na kwamba akifa mwaka wa tatu nyumba hurithiwa nzima ilhali pensheni huisha naye, isipokuwa kwa mafao yenye ukomo ya wategemezi. Ni kweli kwamba wapo waliomaliza mkupuo katika mwaka mmoja kwa biashara wasizozijua au kwa ndugu waliojitokeza ghafla, na visa vyao husimuliwa sana katika semina za wastaafu watarajiwa. Visa hivyo ni hoja ya kumsaidia mstaafu kupanga matumizi. Haviwezi kuwa hoja ya kupunguza jumla ya anachostahili, na kanuni ya 2018 ilifanya yote mawili kwa pamoja: ilibadilisha mgawo kati ya mkupuo na pensheni, na katika kubadilisha kigawanyo na kizidisho ikapunguza pia ukubwa wa kile kinachogawanywa. Laiti mambo hayo mawili yangetenganishwa mbele ya wafanyakazi tangu mwanzo, mjadala wa miaka iliyofuata ungekuwa wa kweli zaidi.

Tarehe 28 Desemba 2018, baada ya kukutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu Dar es Salaam, Rais John Magufuli aliagiza kwamba vikokotoo vya zamani viendelee kutumika hadi mwaka 2023. Agizo hilo lilipokelewa kwa shangwe, nalo lilikuwa na busara ya kuwapa nafasi watu waliokaribia kustaafu. Lakini deni lililokuwa chini ya mambo yote, lile la miaka ya kabla ya 1999, lilibaki palepale. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilianza kulipunguza kwa kutoa hati fungani maalumu za shilingi trilioni 2.17, yaani ahadi za maandishi za serikali kulipa pamoja na riba kwa vipindi vilivyopangwa. Hatua hiyo ilizungumzwa kidogo kuliko kikokotoo, na pengine ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote, kwa kuwa mara ya kwanza chanzo cha tatizo kiliandikwa upande wa mdaiwa.

Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 kikokotoo kipya kilianza, kikiwa kimejadiliwa na serikali, waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA. Mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wanachama wote wa PSSSF na NSSF, kwa kigawanyo cha 580 na kizidisho cha 12.5. Mwalimu wa mfano uliotangulia alipata mkupuo wa takriban shilingi 30,724,000 na pensheni ya takriban 415,900 kwa mwezi. Aliyekuwa PPF aliona nyongeza, aliyekuwa PSPF aliona nusu ya alichokitarajia, na wote wawili walikuwa sahihi. Katika maadhimisho ya Mei Mosi yaliyofuata kikokotoo kilikuwa miongoni mwa maombi ya wafanyakazi.

Serikali iliposoma bajeti ya mwaka 2024/25 mwezi Juni 2024, ilitangaza kwamba waliokuwa wakilipwa mkupuo wa asilimia 50 kabla ya mifuko kuunganishwa watalipwa asilimia 40, na waliokuwa wakilipwa asilimia 25 watalipwa 35. Mkupuo wa mwalimu yule ukapanda hadi takriban shilingi 37,241,000, na pensheni yake ya mwezi ikawa takriban 372,400. Kwa hiyo watumishi wawili wanaokaa meza jirani katika ofisi moja ya umma, wenye mshahara mmoja na miaka sawa ya utumishi, wote wanachama wa mfuko ulioundwa ili kuondoa tofauti, sasa hustaafu kwa mkupuo usiolingana kulingana na mfuko ambao kila mmoja alikuwamo kabla ya tarehe 1 Agosti 2018.